Ger la Makoti Makuukuu

6 Oktoba

Naanza kuandika leo kwa sababu moja tu: mume wangu Gombo ana kipaji cha kukana maneno yake. Jioni taarifa ya habari imesema umeme wa majira haya ya baridi hautatosha mji mzima, kutakuwa na mgao. Gombo, kajilaza kwenye kochi na bakuli la supu juu ya tumbo, akasema, "Maneno ya televisheni hayo. Nani atathubutu kukata umeme kwenye baridi ya kugandisha mate?"

Nimeyaandika neno kwa neno. Ikifika wakati wake nitamsomea.

Mimi si mtu wa kukaa nikingoja. Nyumba yetu ina hita za umeme kila chumba na jiko la moto hakuna, kwa sababu mwaka juzi bwana huyuhuyu aling'oa jiko la chuma, akaziba tundu la bomba la moshi, akapaka dari rangi nyeupe, akatangaza kwamba sasa tunaishi kama watu wa maghorofani. Taa umeme, chai umeme, cherehani yangu umeme. Siku nguzo ile ya nje ikizimika, sisi hapa tutakuwa kama nyama tuliyoihifadhi bandani.

9 Oktoba

Nimepanga madumu ya maji ukutani. Nimenunua mishumaa, taa ya betri, na magunia ya makaa ya kufinyanga. Gombo kasimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Hayo makaa utayachomea wapi? Ndani ya cherehani?"

Swali la kuudhi, lakini ni swali zuri. Juu ya dari alijaza sponji ya kuzuia baridi, na sponji ile hushika moto kama petroli. Tukirudisha jiko ndani, bomba lake la moto lipite kwenye sponji, tutapata joto mara moja tu maishani.

Jibu liko bandani, limefungwa kamba: ger, hema la duara la wafugaji, la mama mkwe wangu.

10 Oktoba

Mama Dulmaa, mama yake Gombo, alikuja kwetu mwezi wa tano kutoka nyika za kusini, baada ya ile zud, baridi ya kumaliza mifugo. Theluji iliyeyuka kidogo ikaganda tena juu ya majani kama bati, mifugo ikafa njaa imesimama juu ya chakula chake. Mama hakubakiwa hata na mbuzi. Alikuja nyuma ya lori na sanduku, birika, na ger lake likiwa limekunjwa na kufungwa. Ana miaka sabini na tisa.

Nilitegemea mtu wa kulia usiku na mchana. Badala yake alichagua chumba chenye soketi nyingi. Ana mkeka wa umeme chini ya shuka, birika la umeme karibu na mto, na tamthilia ya Kikorea ambayo saa yake ikifika hakuna ruhusa ya kukohoa.

Leo nimemwambia, "Mama, tulisimamishe ger lako uani. Umeme ukikatika tunahamia humo, tunawasha jiko, mambo yanakwisha."

Macho yake hayakuondoka kwenye televisheni. "Ger halisimamishwi."

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu ni langu."

"Ni lako, sawa. Tutakaa wote."

"Yanjmaa, mimi nimeokota kinyesi cha ng'ombe cha kuwashia moto tangu nina meno ya utoto. Nimekuja mjini kwa ajili ya hii." Akaigonga soketi ya ukutani kwa kidole, kama mtu anayembembeleza farasi wake. "Sasa unataka kunirudisha kwenye majivu?"

Hiyo ndiyo shukrani.

15 Oktoba

Theluji ya kwanza. Wateja wameanza kuleta vitambaa vya majoho ya mwaka mpya wetu, ule wa Februari. Kazi tele.

19 Oktoba

Nimemuuliza tena. Kajifanya hasikii. Tamthilia anaisikia hata sauti ikiwa chini.

27 Oktoba

Umeme ulikatika saa kumi na moja jioni, watu wakipika, ukarudi baada ya saa mbili. Mteja wangu mmoja alikuwa amesimama katikati ya chumba na nusu joho mwilini, sindano za kila upande, haruhusiwi kukaa wala kuinama. Chumba kilipoa haraka kuliko nilivyofikiri, na nje bado si baridi ya maana.

Jirani yetu Mzee Sambuu akawasha jenereta lake, tukamsikia hadi mwisho wa mtaa. Alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni kabla ya kustaafu. Mke wake alifariki na sasa anaishi peke yake, na bado anaongea kama mtu anayetaka kukushusha kituo kinachofuata. Alichungulia juu ya uzio wa mbao.

"Jirani! Mnaonana huko gizani? Au nije niwatambulishe?"

"Tunakusikia wewe, inatutosha," nikamjibu.

28 Oktoba

Nilimsomea Gombo maneno yake ya tarehe sita. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hayo umeyatunga wewe."

3 Novemba

Leo lazima niandike kwa kirefu.

Mama alikwenda kliniki kupima presha, na Gombo alipotoka kumfikisha nikamvuta mkono mpaka bandani. Nilimwambia tutafungua ger tulikague tu, kama limeoza nijue moja. Gombo alisitasita, maana mtu mzima kufungua mzigo wa mama yake bila ruhusa si jambo dogo. Lakini yeye pia alikuwa ameanza kulala na soksi.

Tukafungua kamba. Fito za ukuta zipo, nzima, zimefumana vizuri. Fito za paa zipo, na rangi yake ya chungwa. Duara la juu lipo. Mlango upo. Gombo akainua turubai la mwisho akatafuta chini yake, akatafuta tena, kana kwamba kitu kile kinaweza kujificha.

Vifuniko vya sufu havikuwepo. Ger bila sufu ni mifupa. Ndiyo nyama yake na ngozi yake, sufu nzito iliyogandamizwa, unene wa kiganja, inayofunika ukuta na paa. Bila hiyo unakaa ndani ya kapu.

"Kaviuza," nikasema. Ndivyo nilivyofikiri, na niliona kila kitu kimeeleweka: ndiyo maana hakutaka tulifungue. Kauza, kanywea soda na kununulia mkeka wa umeme.

"Mama hawezi," Gombo akasema.

"Basi viko wapi?"

"Viko kwa kondoo," sauti ikasema nyuma yetu.

Alikuwa amesimama mlangoni pa banda na karatasi ya kliniki mkononi. Jirani mwenye gari alikuwa amemrudisha mapema. Nilisubiri atutukane. Hakututukana. Aliingia, akakaa juu ya dumu la maji, akazitazama fito zile zilizolala chini.

"Baridi ilipozidi nilitoa kifuniko cha upande wa kusini," akasema. "Nikakikata vipande, nikawafunga kondoo majike mgongoni, wale wenye mimba. Kamba huku, kamba huku. Walikuwa kama watoto wa shule na mabegi. Nikasema, mimi nitavaa makoti, nitakaa karibu na jiko. Wiki iliyofuata nikatoa cha mashariki. Mwishowe nikapanda nikatoa cha paa."

"Mama," Gombo akasema, "ungetupigia simu."

"Mngefanya nini? Mngekuja kuwapulizia?" Akakunja ile karatasi. "Walikufa wamevaa. Nyumba yangu yote, niliyoshona na baba yako, ilikuwa imetapakaa nyikani juu ya migongo ya mizoga. Sikuwavua. Nilimwambia yule mwenye lori abebe fito tu."

Gombo akatoka nje. Nilimsikia anakohoa, na hakuwa na kikohozi.

Nilitaka kusema neno la faraja, lakini mimi maneno hayo hunitoka kama mawe. Nikamuuliza kitu pekee ninachokijua.

"Mama, kifuniko cha ukuta kina urefu gani?"

Akanitazama kama mtu aliyerukwa na akili.

4 Novemba

Nimeamua. Nitalishonea ger nguo.

Sufu mpya ya kutosha ger zima hatuiwezi. Tutapata ya upande mmoja, ule unaopigwa na upepo. Kwingine kote nitashona makoti. Sokoni kwa mitumba kuna makoti ya zamani ya jeshi, mazito kama milango, ambayo hakuna kijana anayevaa siku hizi. Nikiyafumua, nikaunganisha tabaka juu ya tabaka, nikajaza mabaki ya sufu katikati, upepo utapita wapi?

Gombo anasema, "Na majoho ya wateja?"

"Nayo nitashona."

"Lini?"

"Umeme ukiwepo."

 Mama amejifungia na Wakorea wake.

9 Novemba

Gombo amerudi kutoka sokoni na marundo ya makoti kwenye gari la kuazima. Moja kalivaa mwenyewe na hataki kulitoa. Mwezi huu hana kazi, maana yeye ni dereva wa lori la zege na zege halimwagwi kwenye baridi. Kila mwaka hulala mpaka majani yatoke. Sasa anafumua makoti kwa wembe, ulimi nje, kama mtoto anayejifunza kuandika.

16 Novemba

Nafagia vifungo vya jeshi kila kona ya nyumba.

22 Novemba

Mzee Sambuu ameona vipande vya kwanza tulivyovianika kwenye uzio.

"Yanjmaa! Mnamshonea ngamia suruali?"

"Ndiyo. Tulitafuta wa kujaribishia, tukaona ni wewe."

"Mimi nina jenereta, mama. Mitambo! Nyie mnarudi nyuma, mwakani mtaishi pangoni."

Gombo alicheka pamoja naye, jambo ambalo sikulipenda. Lakini baadaye nilimkuta nyuma ya banda anapigilia mbao za sakafu ya ger, na chini yake alikuwa ameweka sponji iliyobaki, imezibwa vizuri, mbali kabisa na mahali pa jiko. Nilikuwa sijamwambia afanye.

29 Novemba

Umeme umekatika mara tatu wiki hii. Jana ulikatika tamthilia ikiwa katikati, mwanaume mmoja yuko hospitali na mke wake hajui. Mama akatoka chumbani kwa hasira, akakaa karibu na mshumaa wangu. Nilikuwa nashona kwa mkono, kipande cha paa. Akanitazama muda mrefu. Kisha akaivuta nguo kutoka magotini mwangu.

"Mshono gani huu? Upepo utapita hapa huku unaimba."

"Basi nionyeshe."

"Sikuonyeshi. Nashona tu, we ukiangalia shauri yako."

Akashona. Vidole vyake vimepinda, lakini uzi ulikwenda ukirudi nusu ya njia kila mara, kisha mbele tena, ukikaza. Tulikuwa tumefika nusu kipande umeme uliporudi. Akatupa sindano palepale, hata hakumaliza tundu, akakimbilia televisheni.

Mimi, Yanjmaa, mtu ninayeishi kwa cherehani ya umeme, sasa naombea umeme ukatike.

8 Desemba

Kipande cha paa kimekwisha. Mgao ulikuwa mrefu, asante.

13 Desemba

Tumelisimamisha ger! Gombo na mimi tumesimika kuta, tumeinua duara la juu, na fito za paa zimeingia kila moja kwenye tundu lake. Kisha tukalivika. Kaskazini sufu mpya, nyeupe kabisa. Kwingine kijani cha jeshi, kahawia, viraka vya bluu, mkono mmoja wa koti niliosahau kuukata unaning'inia kando ya mlango kama unaomba kuingia. Turubai juu yake, kamba tatu kiunoni.

Mama alitazama kupitia dirishani. Hakutoka. Gombo alipoingia kumwita, alisema jua linamuumiza macho. Mawingu yalikuwa yamefunika mpaka milimani.

Jioni, tukidhani amelala, nilimwona uani na taa ya betri. Analizunguka ger taratibu, mkono wake ukilipapasa. Kwenye ule mkono unaoning'inia akasimama. Akaushika kama mtu anayesalimiana na mgeni, akautikisa kidogo, akarudi ndani. Nilizima mshumaa asijue nimeona.

14 Desemba

"Kamba ya kati imelegea," Mama kasema wakati wa chai. Basi.

Gombo ameikaza.

22 Desemba

Leo zinaanza zile tisa za baridi, vipindi tisa vya siku tisatisa. Gombo amepachika jiko la chuma alilonunua kwa fundi wa chini mtaani, na bomba lake linatoka katikati ya duara. Tumewasha mara ya kwanza. Moshi umetoka wote, na king'ora kidogo cha hewa ya sumu alichokining'iniza kwenye fito hakikulia. Nilikaa humo nikashona joho la mteja mpaka jasho likanitoka. Tunashona, tunangoja.

31 Desemba

Mwana wetu kapiga simu kutoka Korea. Mama alimuuliza jambo moja tu: yule mwanaume wa hospitalini, mkewe alijua? Mtoto kasema kule hakuna anayeitazama tamthilia hiyo.

9 Januari

Tisa ya tatu imeingia. Ukimwaga maji nje yanafika chini yakiwa barafu inayolia. Kipimajoto kimeshuka chini ya hasi thelathini na tano.

Nilimfuata Mzee Sambuu mlangoni kwake. Nikamwambia umeme ukikatika kwa muda mrefu aje kwetu, nafasi ipo.

"Mimi? Niingie kwenye kapu la nguo chafu?" Akapiga jenereta lake teke la upendo. "Huyu hajawahi kuniangusha."

"Sawa. Mlango hautafungwa."

"Ufunge tu, msije mkaganda."

14 Januari

Nimetulia sasa ndiyo naandika. Tumekula, jiko linawaka, wote wako hai.

Umeme ulikatika asubuhi tukinywa chai. Si kwetu tu: mlima mzima, kila bonde, hakuna hata taa ya duka. Redio ya betri ikasema hitilafu kubwa, watu wavumilie. Baada ya muda mfupi hita zilikuwa vyuma vitupu na madirisha ya ndani yameota barafu.

"Haya," nikasema, "tunahama."

Hakuna aliyebishana. Gombo alibeba makaa, mimi chupa za chai, sufuria na cherehani. Cherehani haina kazi bila umeme lakini siiachi igande. Mama alibeba rimoti ya televisheni. Nilimtazama. "Isiibiwe," akasema.

Ndani ya ger jiko lilishika haraka. Mama aliingia mara ya kwanza leo, mguu wa kulia mbele, akapita upande wa wanawake bila kuelekezwa, akakaa. Akagusa ukuta nyuma yake. Akavua kofia. Baada ya muda akafungua kifungo cha juu cha joho lake, na hiyo ndiyo sifa kubwa niliyowahi kupata kwa kazi yangu.

Jenereta la Mzee Sambuu lilikuwa halijasikika. Tulimsikia yeye tu, akilitukana matusi ya treni. Kisha kukawa kimya. Kisha likanguruma, na Gombo akasema, "Mzee wa watu kashinda."

Kama saa sita mchana Mama alikwenda choo cha nje. Alirudi hakukaa.

"Lile dude la Sambuu linangurumia ndani."

"Ndani wapi, Mama?"

"Ndani ya nyumba. Nje theluji haijakanyagwa, na moshi hauonekani. Kila siku unatoka pale pembeni."

Sikumaliza kusimama Gombo alikuwa ameshatoka. Nimeishi na mtu huyu miaka yote hii na sikujua anaweza kukimbia. Aliuruka uzio, ubao mmoja ukamvunjikia. Mimi nilizungukia getini na Mama nyuma yangu, na tulipofika alikuwa anaupiga mlango kwa bega.

"Mzee Sambuu! Mzee Sambuu! Fungua!"

Jenereta tu ndilo lililojibu. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani.

"Dirisha!" nikapiga kelele.

Gombo akafunga koti lake la jeshi kwenye kiwiko, akavunja kioo, cha nje na cha ndani. Harufu ya petroli ikatupiga usoni. Akavuta pumzi kubwa nje, akaibana, akaingia kichwa mbele. Nikamwona akipotea. Nikahesabu bila kutaka. Nikafika mahali nikaacha kuhesabu, nikapandisha mguu dirishani kumfuata, Mama akanishika mkanda wa joho.

"Wewe ukiingia, nani atawavuta?"

"Niache, Mama!"

"Sikuachi."

Nguvu aliyonayo bibi yule sijui anaiweka wapi. Nilipigana naye, nakiri. Kisha ngurumo ikakatika, komeo likalia, na mlango ukafunguka. Gombo alitoka kinyumenyume, akimburuta Mzee Sambuu kwa kwapa, visigino vyake vikichora mistari kwenye theluji. Uso wa mzee ulikuwa mwekundu kama wa mtu aliyelala juani. Gombo akapiga magoti akatapika.

Tulimlaza juu ya koti, tukamfunika kwa makoti mengine mawili, kichwa nje apate hewa. Nilimpiga mashavu, nikamwita. Mama akainama sikioni mwake na sauti ile ya kuita mifugo kutoka mlimani:

"Sambuu! Tiketi!"

Mzee akafungua jicho moja.

Gari la wagonjwa lilichelewa kwa sababu ya utelezi wa kilimani, lakini lilifika, wakamvika kinyago cha hewa, wakamchukua na Gombo naye wakampima. Wamesema Gombo hana neno. Mzee atabaki hospitali, ataishi.

Gombo amelala sasa, kichwa kwenye mapaja yangu, anakoroma. Kila mwaka kukoroma huku kulinitia hasira.

Umeme haujarudi.

15 Januari

Ulirudi alfajiri. Tumebaki humuhumu kwenye ger. Nyumba itachukua siku nzima kupata joto.

17 Januari

Mzee Sambuu karudi kutoka hospitali. Nyumba yake mabomba yamepasuka, sakafu ni uwanja wa barafu. Alisimama mlangoni kwetu na kofia mkononi, mtu aliyezoea kuwauliza wengine wanakwenda wapi.

"Lilikataa kuwaka kwa baridi," akasema. "Nikaliingiza kwenye kibaraza cha ndani lipate joto. Likawaka. Nikasema nakunywa chai kwanza, kisha nalitoa."

 Mama akamsogezea bakuli.

"Ingia, unatoa joto," akasema.

Akaingia. Akatazama kuta za ger, viraka, ule mkono wa koti ambao sasa nimeupindulia ndani na tunautundikia taulo.

"Suruali nzuri," akasema kwa sauti ndogo.

26 Januari

Mzee Sambuu anatazama tamthilia na Mama. Yeye anamtetea mke, Mama anamtetea mume. Kelele zao zinaizidi cherehani.

5 Februari

Mgao tena, na majoho ya wateja bado. Tumekaa wanne kuzunguka jiko: mimi nakata, Mama anapiga mshono wake, Gombo anashona vifungo, Mzee Sambuu anashika taa na kutusimulia abiria waliojificha chini ya viti. Joho la mwisho limekwisha leo. Mteja kaupitisha mkono juu ya mshono, kauliza cherehani gani hiyo. Mama akajibu, "Ya kizamani. Haitumii umeme."

14 Februari

Tunatengeneza buuz za mwaka mpya, unga na nyama ya kondoo, tunazigandisha nje juu ya mbao. Watu watakuja wengi. Wateja, ndugu wa Gombo, mtaa mzima unataka kuliona ger.

Mama kaniita pembeni. "Siku ya kwanza ya mwaka mimi nitakaa chumbani. Sema naumwa."

"Wewe ndiye mkubwa wetu, Mama. Watakuja kukusalimia wewe."

"Ndiyo hiyo. Wataniuliza."

Nikaelewa. Siku hiyo mdogo huweka mikono yake chini ya mikono ya mkubwa, akauliza: umevuka baridi salama? Mifugo yako imevuka na unono wake? Kila mtu huuliza, hata anayeishi ghorofa ya tisa na hajawahi kumiliki paka.

"Nitawaambia wasiulize," nikasema.

"Utamzuia nani mdomo?"

"Mimi? Wote."

17 Februari

Nimepita nyumba kwa nyumba. Nimewaambia: ulizeni afya. Ulizeni presha. Ulizeni tamthilia.

18 Februari

Mwaka mpya.

Nilimvika Mama joho jipya la bluu nililomshonea kwa siri. Alilalamika kwamba kola inambana, akakaa mahali pa mkubwa, ndani kabisa mkabala na mlango, mikono magotini, uso wa mtu anayengoja kung'olewa jino. Gombo akamsalimia, kisha mimi. Afya, presha. Vizuri.

Mlango ukafunguka. Mzee Sambuu, amenyoa, amevaa sare yake ya zamani ya reli chini ya joho. Nilimkumbusha kwa macho. Akaitikia kwa kichwa. Akapiga hatua, akapitisha mikono yake chini ya mikono ya Mama, akainama, na mazoea ya miaka sabini yakamshinda:

"Umevuka baridi salama? Mifugo yako imevuka na unono wake?"

Gombo akafumba macho. Mimi nilikuwa na kijiko kikubwa mkononi, nikafikiria kukitumia. Mzee mwenyewe aligundua, rangi ikamtoka, mdomo ukabaki wazi.

Mama hakutoa mikono yake. Alikaa hivyo, mikono juu ya mikono ya mzee, akimtazama kwa karibu. 

"Imekufa," akasema. "Imekufa yote, Sambuu, na nyumba yangu mgongoni. Jike wa mwisho alikufa mbele yangu, nilikuwa nimemkalia karibu." Akaibana mikono ya mzee. "Mwaka huu ninaye mmoja tu, dume la kizee, la relini. Lilitaka kufa, tukalivuta kwa kwapa. Limevuka. Ila limekonda. Kaa ule."

Gombo ndiye aliyeanza kucheka, na machozi yanamtoka. Mzee Sambuu akakaa, akala.

Nje watu walikuwa wanapangusa theluji miguuni. Mteja wangu wa kwanza akaingia, yule niliyemwacha na sindano mwilini, akamwendea Mama, akapitisha mikono, akafungua mdomo, akanitazama mimi, akaufunga.

"Usimtazame yeye," Mama akasema. "Niulize. Niulize vizuri, kama mtu aliyelelewa."